Kabla ya bahari za kale, nuseni maji ya Kigoma

Wadogo zangu mnaoanza jiolojia, mkiwa na hamu ya kujua bahari za kale zilivyokosa oksijeni, tafuteni kwanza boti pale Kibirizi, Kigoma, mwingie Ziwa Tanganyika. Tokeni na watu wa utafiti, mvute maji ya kina cha mita 250.

Safari yangu ya kwanza, chupa ya kina hicho ilionyesha oksijeni. Nikaandika namba daftarini kwa fahari. Mzee aliyeshika injini akanusa chupa, akacheka: "Mwanangu, maji yananuka yai viza haya, hewa umeitoa wapi?" Kumbe nilipokuwa najaza niliingiza kiputo. Tumieni mpira unaofika chini ya chupa, maji yafurike, ndipo mtie dawa za Winkler, zile za kupimia oksijeni majini. Ukiona utando wa kahawia, oksijeni ipo. Ukibaki mweupe, hamna kitu. Namba mbovu ikateni mstari mmoja, msiifute. Yangu ipo hadi leo.

Tanganyika ina kina cha mita 1,470, lakini huku kaskazini oksijeni huishia karibu mita 100. Kusini, ambako upepo wa kusi huvuruga maji, hufika 200 hivi. Dagaa, migebuka, kuhe, wote wanabanana juu. Chini hamna mnyoo wala konokono wa kufukua tope, kwa hiyo mashapo hulala tabaka juu ya tabaka, membamba kama kurasa.

Kurasa hizo ndizo mtakazozitafuta kwenye miamba ya mwisho wa Permi, kipindi cha kale kilichoisha miaka milioni 252 iliyopita. Volkano za Siberia zilipasha dunia joto. Maji ya nyuzi 0 hubeba miligramu 14 na ushei za oksijeni kwa lita; ya nyuzi 25 hubeba 8 tu, na hayo ni maji yasiyo na chumvi, ya chumvi hubeba pungufu zaidi. Wakati huohuo mnyama aliye kwenye joto anahitaji oksijeni nyingi kuliko awali. Amebanwa pande zote mbili. Zaidi ya asilimia 80 ya spishi za bahari zilitoweka, wakiwemo trilobaiti, wanyama wa bahari wenye gamba la pingili.

Kilichonisumbua kichwa ni kwamba walioumia zaidi waliishi mbali na ikweta. Wa ikweta walishazoea joto na oksijeni haba, na baadhi waliweza kuhamia kwenye maji ya baridi zaidi. Wa karibu na ncha za dunia wangekimbilia wapi?

Msikimbilie kusema "oksijeni haikuwepo" kwa sababu jiwe ni jeusi. Tazameni kama tabaka zimefukuliwa, pimeni molibdenamu na urani, metali zinazojikusanya kwenye tope lisilo na oksijeni, angalieni ukubwa wa chembe za pairiti, madini ya chuma na salfa. Visukuku, yaani mabaki ya viumbe ndani ya miamba, navyo huyeyuka, kwa hiyo jiwe tupu si lazima liwe bahari tupu. Wala msilihamishe ziwa letu zima kwenda baharini: bahari ina salfeti nyingi mno kuliko Tanganyika, na salfeti ndiyo bakteria huigeuza kuwa ile harufu ya yai viza.