Mwanangu, usiache kujaribu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeipata, na picha nimezitazama hadi macho yamechoka. Unasema mfarishi wako wa kwanza, lile tandiko la viraka, umefanya mawimbi kingoni na haulali kitandani, kisha unaniuliza kama uachane na majaribio ya rangi na nakshi hadi mkono ukomae. Usiache. Ila jaribio lina kitambaa chake na mfarishi una vitambaa vyake, wewe umevichanganya.

Mawimbi kwanza. Nahisi ulichukua ukanda mrefu wa pembeni, ukashona mpaka mwisho, ukakata kilichobaki. Kitambaa hutanuka chini ya mguu wa cherehani bila wewe kuhisi. Siku nyingine pima mfarishi katikati, si ukingoni, ukate ukanda kwa kipimo hicho, ubane kwa pini nchani na katikati, ndipo ushone. Na zile pembetatu zako, upande uliokatwa mshazari, usiofuata mtande wala mshindio, yaani nyuzi za urefu wala za upana, huvutika kama mpira. Pasi iweke, uinyanyue, usiisukume.

Halafu upana wa mshono. Wengi tunashona milimita 6 kutoka ukingoni. Ukizidisha milimita 1 tu, kila mshono unameza 2, maana vipande viwili vyote vimepunguka. Safu yenye mishono 20 imepungukiwa sentimita 4, na jirani yake isiyo na mishono haijapungua. Zitalinganaje?

Sasa majaribio. Nilipoanza, nilishona kitambaa chekundu kando ya cheupe bila kukifua kwanza. Nilipoufua mfarishi uliokamilika, nyeupe yote ikageuka waridi iliyofubaa. Kazi ya miezi! Nililia, mwanangu. Tangu hapo kila kitambaa chenye rangi kali nakilowanisha, nakibana kwenye kipande cheupe, na nikiona doa nakifua tena na tena hadi maji yatoke safi.

Ndiyo maana nakuambia ujaribu kwenye kipande cha shibiri moja. Badilisha jambo moja tu kwa wakati: uzi, au rangi, au pamba ya katikati. Kisha andika juu ya kitambaa chenyewe kwa kalamu isiyofutika: umetumia nini, kwa muda gani, kimefuliwa mara ngapi. Mimi ninavyo vipande vya namna hiyo sanduku zima, na navithamini kuliko mifarishi kadhaa niliyoimaliza.

Ukipata nafasi, jaribu nili, ile rangi ya bluu ya kutia vitambaa. Nili haiyeyuki kwenye maji hivi hivi. Lazima dawa inayotiwa kwenye pipa la rangi iondoe oksijeni kwanza. Kitambaa kinatoka na rangi ya kijani iliyochanganyika na njano, na unaweza kudhani umeharibu. Kishike hewani utulie. Kijani kinaanza kuhama kutoka kwenye mikunjo, bluu inaingia taratibu, na pale ulipofunga kwa uzi panabaki peupe. Nimeliona jambo hilo mara nyingi, na bado linanifanya nishushe sauti.

Umenigusa uliposema kazi yako haifanani na kazi za watu. Tafuta habari za Harriet Powers, mshona mifarishi aliyezaliwa utumwani Georgia, Marekani, mwaka 1837. Alikata watu, wanyama na nyota akavishona juu ya kitambaa kusimulia visa vya Biblia. Miraba yake haikulingana. Mifarishi yake miwili ndiyo inayojulikana kuwapo hadi leo, mmoja katika makumbusho ya Smithsonian, wa pili Boston. Alishona kwa mkono na kwa cherehani pia, kwa hiyo anayekwambia cherehani ni uvivu usimsikilize.

Mfarishi wako ufumue ukanda wa pembeni tu. Katikati usiguse, pako sawa. Loanisha kingo, zilaze mezani, uzinyooshe kwa kiganja zikauke, kisha upime. Kabla ya kutia upapi, ule utepe wa kufunika kingo, nitumie picha ya zile kona nne.

Mama yako