Umetoka kwenye mpira unataka kuhamia kikapu? Kuna tabia inabidi uziache nje

Wiki hii kuna dogo wa Igoma hapa Mwanza kanitumia meseji: "Shikamoo kaka, mi nacheza mpira, beki namba tano, ila kila mtu ananiambia kwa huu urefu napoteza muda, nihamie basketi. Kwani tofauti ni nini, si ni mikono tu badala ya miguu?" Nikaanza kumjibu palepale, jibu likawa refu mpaka nikaona niliweke huku, maana najua mko wengi mnaowaza hivohivo.

Hapana mdogo wangu. Mikono ndo kitu cha mwisho kabisa.

Mi ni mtoto wa Mabatini, chandimu asubuhi chandimu jioni, baadae ndondo za mtaani, UMISSETA ya shule za sekondari nimefika nikiwa beki wa kati na watu walikuwa wananijua. Sasa kuna kocha mmoja, jina naliacha, alikuja kuchagua vijana wa timu ya wakubwa, tukapigwa jua kutwa nzima, jioni akapita kwenye mstari akanigusa bega akasema "we mlingoti katafute michezo ya mikono", wenzangu wote wakacheka. Sijasahau na sijifanyi nimesahau. Siku hizi tukikutana mjini ananiita kocha, naitika kwa heshima zote, ila moyoni najua ninachojua.

Bas nikaenda kikapu kwa hasira. Siku ya kwanza kabisa nikapiga shuti, likagonga ringi likatoka, nikasimama nimeshika kichwa kama nimekosa penati uwanja wa Kirumba. Nageuka, wenzetu wameshafunga upande wa pili na mtu aliyefunga ni yule niliyetakiwa kumkaba mimi! Kuna braza mmoja akanipigia kelele, "unaomboleza nini, rudi!"

Hiyo "rudi" ndo tofauti yenyewe jamani. Kwenye mpira nafasi ni chache, mechi inaweza kuisha 0-0 na watu wakaenda nyumbani wameridhika, kwaiyo ukikosa bao la wazi una haki ya kulia, ile nafasi haiji tena. Kwenye kikapu una sekunde 24 za kupiga, la sivyo mpira ni wa wenzako, na kukosa ni sehemu ya kazi, hata NBA kwenyewe kwa wastani mashuti yanayokosa ni mengi kuliko yanayoingia. Umekosa, umekosa, kimbia. Anayebaki kusikitika anafungisha timu mara mbili.

Alafu angalia uwanja. Mpira ni mita 105 kwa 68, kikapu 28 kwa 15. Piga hesabu utakuta eneo la kimoja cha mpira ni sawa na viwanja 17 vya kikapu, na humo mpirani mko 22 tu, kila mtu ana eneo la zaidi ya mita za mraba 300 peke yake. Kikapu mko 10, kila mtu ana 42. Ndo maana namba tisa mvivu anaweza akatembea dakika nzima akisubiri krosi na hamna anayeona, kikapu ukitembea mara moja tu jukwaa zima limeona. Uzuri wake unaweza kutoka ukapumua ukarudi, mpirani ukishatolewa umetoka, ila ukiwa ndani hamna kujificha.

Sasa niwaambie kilichotokea juzijuzi, bado kinaniuma. Vijana wangu tunaongoza kwa pointi mbili, muda umebaki kidogo sana, mpira kapewa dogo mmoja fundi kweli wa ndondo, kila mtu Nyakato anamjua. Akafanya alichozoea, akaupeleka kwenye kona kupoteza muda. Aisee! Mpirani pale kwenye kibendera ndo salama yako, unaweka mgongo, unaomba faulo, unaomba kona. Kikapu kona ndo jela, mistari miwili inakukaba bure bila hata kuchoka, wakaja watu wawili, miguu yake ikakanyaga nje, filimbi. Wenzetu wakapiga pointi tatu, tukafungwa kwa moja. Na ujue dakika mbili za mwisho kikapu kikiingia saa inasimama, hamna cha kujiangusha wala kipa kulala na mpira. Anayeongoza lazima aendelee kucheza.

Faulo nayo. Beki wa mpira anajua ile faulo ya akili katikati ya uwanja, anakula njano yake maisha yanaendelea. Kikapu zinahesabiwa, ya tano unaenda kukaa benchi mpaka mechi iishe, na timu ikizidisha faulo kwenye kota moja, yaani robo ya mechi, wenzenu wanapiga mipira ya adhabu bure. Mabeki wenzangu mnaohama, mikono hiyo.

Na urefu usikudanganye. Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, mwaka 2009 timu za NBA zikichagua wachezaji wapya akachaguliwa wa pili, lakini yule ana mita 2.21, we una ngapi? Wafupi wenye pasi na macho nawahitaji kuliko mlingoti asiyerudi kukaba. Hela pia tusidanganyane, hapa kwetu hela ziko kwenye mpira, Pamba Jiji waliporudi Ligi Kuu 2024 baada ya miaka zaidi ya 20 kila mtu Mwanza alikuwa shabiki, kikapu mashabiki wako wa kwanza watakuwa dada zako na wauza karanga. Kwaiyo usihame kwa sababu ya tamaa, wala kwa sababu ya kocha mmoja mwenye mdomo. Hama kwa sababu umependa. Nyie wazazi nanyi acheni kusema basketi ni ya watoto wa kishua, mbona ringi na sementi havimuulizi mtu ada!

Mwisho, ukinunua mpira wa mazoezi chukua saizi namba 7, wa raba ngumu sio ngozi. Wa ngozi ni wa ndani, kwenye hizi sementi zetu mpira wenyewe unachubuka hata kabla hujajua kupiga leiapu, lile shuti la kukimbilia chini ya ringi.