Zipo nyaraka, anza na We'wha

Uliyeuliza kama kuna ushahidi wowote wa kale, au "wenye roho mbili" (two-spirit: wenyeji wa asili wa Marekani wasiohesabiwa kuwa wanaume tu wala wanawake tu) ni mambo ya juzi: neno lenyewe ndilo jipya, lilipitishwa mwaka 1990 kwenye mkutano wa wenyeji hao wa asili karibu na Winnipeg, Kanada. Watu wenyewe ni wa zamani sana.

Mtafute We'wha wa kabila la Wazuni, jimbo la New Mexico, Marekani. Alizaliwa na mwili wa kiume, akaishi kama lhamana, jina la Wazuni kwa watu wa namna hiyo: mavazi ya kike, mfumaji na mfinyanzi stadi. Mwaka 1886 alikaa Washington miezi kadhaa, akaonana na Rais Cleveland, na mji mzima ukamdhania mwanamke. Picha zake akifuma ziko Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani.

Matilda Stevenson, mtafiti aliyekuwa rafiki yake, aliandika kwamba ataendelea kumtaja kwa kiwakilishi cha kike cha Kiingereza, "she". (Sisi na "yeye" wetu tusingepata shida hiyo.) Ndiye aliyeandika pia kwamba We'wha alipofariki 1896 walimvika nguo za kike, lakini chini yake suruali nyeupe ya pamba.

Ila usiishie kwenye makabrasha ya serikali. Kwa Wakrow, kabila jingine la Marekani, habari za ofisa wa serikali aliyewakata nywele bate (jina lao kwa watu kama We'wha) na kuwalazimisha kuvaa kiume zilihifadhiwa na wazee kwa mdomo. Wanasimulia kwamba chifu Pretty Eagle alimwambia ofisa huyo aondoke. Ukitaka kujua jamii iliwathamini vipi, nenda kwa wazee kwanza.