Mvuke unaunguza kuliko maji yanayochemka, nimejua kwa maumivu

Jamani mvuke msiuchukulie poa. Mimi nilifunua sufuria ya maji yanayotokota, mfuniko nikauinulia upande wangu, mvuke wote ukanipiga mkononi na malengelenge yakatoka palepale. Matone ya maji yanayochemka yalishawahi kunirukia kabla ya hapo, yakauma kidogo yakaisha, sasa nikawa najiuliza si vyote ni digrii 100, mbona huu umenifanya hivi?

Nikaenda kusoma. Kilo moja ya maji kuitoa digrii 0 mpaka 100 inakula joto kama kilojuli 420 hivi (kilojuli ni kipimo cha nishati). Ikishafika hapo, kuigeuza yote iwe mvuke inataka tena kilojuli kama 2,260, yani zaidi ya mara tano, na muda wote huo ukiweka kipimajoto kinasoma 100 tu hakisogei! Lile joto linafanya kazi ya kuzitenganisha molekuli za maji, halipotei, linaondoka na mvuke. Mvuke ukigusa ngozi unarudi kuwa maji, na ule mzigo wote unautua hapo hapo kwenye ngozi yako. Mwanasayansi wa Uskoti, Joseph Black, ndo alilichunguza hili joto lililojificha miaka ya 1760.

Kwa hiyo mfuniko uinulie upande wa mbali na wewe, uso usiusogeze. Na ukiungua weka chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, barafu usiweke moja kwa moja maana inaweza kuumiza ngozi zaidi.

Kitu kingine, maji yakishachemka punguza moto. Kwenye sufuria ya kawaida moto mkubwa hauyapandishi kupita pale, unatengeneza mvuke mwingi tu na gesi inaisha bure, mimi nilikuwa naacha moto juu kabisa nikidhani ndo naivisha haraka.

Barafu nayo ni hivyo hivyo ila kwa kugeuza, yenyewe ndo inayovuta joto. Kilo moja ikiyeyuka inanyonya kilojuli 334 kabla maji yake hayajapanda hata digrii moja, ndo maana ukitaka kupoza kitu, barafu ya digrii 0 inayashinda mbali maji ya digrii 0. Jasho pia, linakupoza pale linapokauka, ndo mana siku yenye unyevu mwingi hewani unalowa chapachapa na joto bado unalo, hapo kaa penye upepo au washa feni lipate kukauka.