Chipsi Mayai Nyepesi za Kupika Nyumbani

SWALI: Dada Mhariri wa Mapishi, salaam. Mimi ni mkazi wa Tabata, Dar es Salaam. Kwa miaka mingi, nikitoka kazini jioni, nimekuwa nikipita bandani kununua chipsi mayai, chakula ambacho kwangu huondoa uchovu wa siku nzima. Mwezi uliopita nilipimwa nikakutwa na shinikizo la damu, na daktari akanishauri nipunguze mafuta na chumvi. Mke wangu amejaribu mara mbili kunipikia chipsi mayai nyumbani kwa kuchemsha viazi badala ya kuvikaanga, lakini mara zote mbili viazi vilivurugika na mayai yakashika kwenye kikaango. Je, ipo njia ya kuzipika zikabaki chipsi mayai kweli, au niziage moja kwa moja?

Msomaji, Tabata

JIBU: Kaka yangu, pole kwa habari hizo za shinikizo. Mfikishie wifi salamu zangu na umwambie kwamba wazo lake la kuchemsha viazi lilikuwa sahihi kabisa. Yaliyomwangusha ni mambo madogo matatu, nami nitayaeleza moja baada ya jingine. Huna haja ya kuziaga.

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndiyo yaliyokuleta hapa. Chipsi mayai za bandani hukutana na mafuta zaidi ya mara moja: viazi huzamishwa kwenye karai, aghalabu vikaachwa vipoe na kurudishwa tena mteja anapofika, kisha humwagiwa mayai kwenye kikaango kilichotiwa mafuta mengine. Sehemu kubwa ya mafuta hayo haiingii kiazi kikiwa kinachemka karaini, kwa sababu wakati huo mvuke unatoka kwa nguvu na kuyazuia. Huingia kiazi kinapoopolewa na kuanza kupoa, mvuke ukapungua na mafuta yaliyobaki juu yake yakavutwa ndani. Ndiyo maana gramu 100 za viazi vya kuchemsha hutoa kilokalori 87 hivi, ilhali uzito uleule wa chipsi za karai hukaribia 300, ingawa ni haki kusema kwamba sehemu ya tofauti hiyo inatokana na maji yaliyokauka.

Kwa watu wawili, chukueni gramu 500 za viazi mviringo, mvimenye na kuvikata vipande vinene kama kidole cha mtu mzima. Vitieni kwenye maji baridi pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha siki kwa kila lita ya maji. Ndimu nayo yafaa. Hili ndilo jambo la kwanza lililomwangusha wifi, na kosa lenyewe ni la kutojua tu: tindikali huzuia ukuta wa kiazi usilainike upesi, kwa hiyo kipande huiva ndani bila kubomoka pembeni. Maji yakishachemka, hesabuni dakika 6, kisha mjaribu kwa uma. Uma ukiingia bila kukipasua kipande, mwageni maji mara moja.

Jambo la pili ni kuvikausha. Tandazeni vipande juu ya kitambaa safi, visirundikane, mviache kwa dakika 10 mpaka vikome kutoa mvuke. Kiazi chenye majimaji hakipati rangi kikaangoni. Kinajitokosa upya, na mpishi akiona hakigeuki rangi huanza kukikoroga, na hapo ndipo kinapokuwa uji.

Sasa kikaango. Kama mnacho kile kisichoshika, vizuri; kama ni cha chuma, kipasheni moto kikavu kwanza, ndipo mtie mafuta. Cha aluminiamu nyembamba mkiache kwa kazi nyingine. Mafuta yawe vijiko vikubwa viwili, vilivyopimwa kwa kijiko. Nasisitiza hili kwa sababu juzi nilimimina mafuta kutoka kwenye chupa kwa mazoea yangu ya siku zote, kisha nikayarudisha kijikoni kuyapima, nikakuta yalikuwa vijiko vitano. Nami ndiye ninayewafundisha watu! Kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori 120 hivi, kwa hiyo mkono mwepesi chupani hauna faida yoyote.

Pangeni viazi safu moja na msiviguse kwa dakika 4. Vikishika rangi ya dhahabu chini, vigeuzeni, mviache tena. Wakati huo pigeni mayai 4 pamoja na kitunguu kilichokatwakatwa, hoho na karoti iliyokunwa. Msitoe viini, kwa kuwa ladha yote imo humo, na yai zima halizidi kilokalori 70 au 80. Mayai yamiminwe kikaango kikiwa bado cha moto sana, yachachatike mara yanapogusa chuma, kwani yakikuta chuma cha uvuguvugu huganda nacho, na hilo ndilo jambo la tatu. Baada ya nusu dakika punguzeni moto kabisa, au mwondoe baadhi ya makaa kama mnatumia jiko la mkaa, mfunike kwa dakika 4 au 5, kisha mgeuze kwa msaada wa sahani.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai, tena kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Viazi vyenu visitiwe chumvi majini wala mayai yasitiwe. Ukali uutafute kwenye kachumbari ya nyanya, kitunguu, tango, pilipili na ndimu nyingi, yenye chembe chache tu za chumvi zinazotiwa mwishoni, ili ulimi uzikute juu. Tomato sosi ya chupa iwekeni mbali, maana ina chumvi na sukari nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Sitakudanganya kwamba zitakuwa sawasawa na za bandani. Ule ukavu wa nje unaolia mdomoni hautakuwa uleule. Siku ukishindwa kujizuia ukapita bandani, mwombe muuzaji azichuje chipsi vizuri zikiwa bado za moto, apunguze mafuta ya mayai, akuongezee kachumbari, na umwahi kabla hajanyanyua kopo la chumvi.