Kulala ufukweni ndani ya gari: maswali yenu

Tangu nilipoandika hapa kwamba familia yetu ililala garini kule Tiwi, kusini ya Mombasa, likizo ya Agosti, maswali hayajakoma. Nimechagua matano.

Tuna Hiace tuliyoitoa viti tukaiwekea vitanda. Tuko wanne, tunatoka Nairobi, na tuna siku nne tu. Twende wapi? (Msomaji, Nairobi)

Siku mbili kati ya hizo nne zitaliwa na barabara, kwa hiyo chagueni mahali pamoja na mkae papo hapo. Mimi ningewapeleka Tiwi, au Diani kama watoto wanapenda watu wengi. Hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Ondokeni alfajiri, mpumzike Mtito Andei, karibu nusu ya njia, na jua lisiwachwee barabarani, maana usiku malori ni mengi na wanaoyapita hawana subira. Foleni ya feri ya Likoni si lazima tena: shikeni barabara ya Dongo Kundu kabla ya kuingia kisiwani, mtatokea upande wa kusini.

Dada, kwani lazima tulipie kambi? Ufuo si wa kila mtu? Tukiegesha mchangani karibu na maji kuna ubaya gani? (Machakos)

Ndugu yangu, kutembea ufuoni ni haki yako. Kulaza gari pale ni jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nililifanya.

Tulifika usiku wa saa nne, mwezi mpevu, ufuo mpana kama uwanja wa mpira. Nikasema hapa ndipo. Sikujiuliza kwa nini mchanga ule ulikuwa na unyevu. Saa tisa na nusu nikaamshwa na sauti ya maji chini ya kitanda, na tulipoteremka yalikuwa yamefika kwenye ekseli. Wavuvi waliokuwa wakienda kuangalia madau yao ndio waliotuokoa: wakapunguza upepo wa matairi, wakatandika makuti chini ya magurudumu, wakasukuma pamoja nasi.

Mmoja wao akanieleza jambo ambalo kila mtoto wa Pwani analijua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari huwa katika bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo huweza kukaribia mita nne. Siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, yakapwa mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku. Maana yake, mgeni anayefika usiku huuona ufuo ukiwa mpana kuliko wakati wowote, kisha bahari humrudia akiwa usingizini. Kila siku saa hizo huchelewa kwa karibu dakika hamsini. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na hapo tofauti ni ndogo.

Sasa angalia likizo zetu. Idd ya kumaliza Ramadhani huja mwezi ukiwa ndio kwanza umeandama, kwa hiyo Idd hiyo ni bamvua. Pasaka nayo hufuata mwezi mpevu. Mara nyingi tunashuka Pwani kwa wingi wakati bahari inapanda juu zaidi.

Tena kuna kasa, kobe wa baharini. Hupanda usiku kutaga juu kidogo ya pale maji yanapokomea, papo hapo unapotaka kuegesha. Gurudumu huponda mayai, na taa huwapoteza watoto wa kasa wanapotafuta bahari. Lipa kambi. Utapata choo, maji baridi ya kuogea na mlinzi, na pesa itabaki kijijini.

Joto je? Tukifunga madirisha tutaiva, tukifungua kuna mbu. (Nakuru)

Fungueni, mshone chandarua kwenye kila dirisha. Elekezeni mlango baharini mpate upepo. Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, usiku ni wa kulala vizuri. Januari na Februari ni joto kweli. Na msiegeshe chini ya mnazi hata kama kivuli kinavutia. Nazi ikianguka hupasua kioo, na kichwa si kigumu kuliko kioo.

Mvua ikinyesha, tunaweza kuingiza jiko la makaa ndani tupike? (Thika)

Hapana. Wala kupika, wala kuota moto, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wanaoivuta hulala wasiamke. Naomba usomee wenzako jibu hili. Mvua ikinyesha, fungeni turubai nje mpikie chini yake kwa mtungi wa gesi, au nendeni barabarani mkanunue mahamri na mbaazi. Hakuna aliyewahi kujuta kula mbaazi za nazi siku ya mvua.

Shikamoo dada. Mama yangu ana miaka 74 na hajawahi kuiona bahari. Magoti yanamsumbua. Ataweza kulala garini? (Kitui)

Marahaba mwanangu. Mpeleke, tena usingoje mwaka ujao.

Mpe kitanda cha chini karibu na mlango, na kigoda imara cha kupandia. Egesha karibu na choo cha kambi, maana usiku ataamka. Kisha panga safari siku za bamvua, kwa sababu zina jambo moja zuri: asubuhi, maji yakishapwa, ndani ya mwamba hubaki vidimbwi vya maji ya vuguvugu yanayofika magotini, bila mawimbi. Mvalishe viatu vya mpira, maana kuna wadudu wenye miba mirefu myeusi, mfunge leso mbili, mshike mkono mwende polepole mpaka mpate kidimbwi chenye mchanga. Mkalishe humo na ukae naye. Maji yakianza kurudi, inukeni mapema, mwende naye kwa mwendo wake.