Nilivyokosa Jua Nikiwa Lamu

Nyumba yetu ya Mkomani ina vidato 19 kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani, hadi ghorofa ya kwanza. Wanaozijua nyumba za mawe za Lamu wanajua vidato vyetu vilivyo: virefu, vyembamba, vimesimama kama ukuta. Aliyevijenga hakumwonea mtu huruma. Nimevipanda tangu utotoni, nikiwa na ndoo ya maji, nikiwa na mtoto mgongoni, nikiwa na mimba ya miezi minane, na sikuwahi kujua idadi yake. Mwaka juzi nikaanza kuvihesabu. Ukimwona mtu anahesabu vidato vya nyumba yake mwenyewe, miguu yake ina neno.

Maumivu yalianza mapajani, yakapanda nyonga, yakatulia kiunoni. Hayakuwa ya maungio kama yale ya wazee wetu, vidole vikavimba na magoti yakalia. Haya yalikuwa ndani ya mfupa wenyewe. Nikibonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba, naruka. Na zaidi ya maumivu ni kule kukosa nguvu. Mimi hushona kofia kwa mkono, kazi ya kuketi mkekani saa tatu au nne bila kuinuka, na ilifika siku nikawa siwezi kuinuka mpaka nishike ukuta. Kilichonitoa machozi lakini ni sujudu. Kwenda chini naenda, kurudi juu nashindwa, najisukuma kwa viganja kama ajuza. Nikaanza kusali juu ya kiti, na umri wangu ni miaka 41.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wangu. Shangazi alisema ni baridi yabisi, nisikanyage sakafu bila viatu. Jirani akasema ni jicho. Nikachuliwa kwa mafuta ya simsim, nikapigwa chuku, nikanywa vidonge vya maumivu mpaka tumbo likaanza kuwaka moto. Mmoja akaniambia mifupa inataka maziwa, nikanywa maziwa asubuhi na jioni. Na ushauri wao wote ulikutana mahali pamoja: pumzika, jifunike, usitoke. Nikajifungia ndani zaidi. Sasa ndiyo najua kwamba dawa ya kukaa ndani ilikuwa ndiyo maradhi yenyewe, lakini wakati ule ningejulia wapi?

Mwishowe nilipanda boti hadi Mokowe, nikaingia basi la Mombasa, safari niliyoilia njia nzima kwa mitikiso. Daktari niliyemkuta ni kijana, pengine mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Alinisikiliza, akaniambia niinuke kitini bila kushika chochote. Sikuweza. Kisha akauliza: "Mama, mara ya mwisho jua kukupiga mikononi ni lini?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi natoka Lamu. Jua kwetu ndilo kitu cha pekee tusichonunua."

Hakucheka. Akasema, "Sikukuuliza kama liko. Nimekuuliza limekupiga lini."

Usiku ule nililala kwa dada yangu nikiihesabu siku yangu. Alfajiri niko jikoni. Asubuhi natandika mkeka karibu na dirisha, nashona. Nikitoka kwenda sokoni navaa buibui, nafunika uso, navaa na soksi, na njia nayopita ni vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani, kuta za ghorofa mbili huku na huku, jua linafika chini kwa muda mfupi tu mchana linapokuwa utosini. Na utosini ndipo mimi niko ndani. Alasiri kivuli kimeshatawala. Msimu wa kaskazi, joto likizidi, hata dirisha nafunga. Nilirudi nyuma mpaka siku za shule, nikamkumbuka yule msichana wa kuogelea na kaka zake pale Shela. Yule ndiye aliyeonja jua. Tangu hapo, miaka 25 au zaidi, mimi na jua tunaamkiana kwa mbali.

Kipimo cha vitamini D kwenye damu kilirudi na nanogramu 9 kwa mililita. Walio wengi hutoshelezwa na 20 kwenda juu, na chini ya 12 huhesabiwa upungufu hasa. Kwa hiyo nilikuwa chini kabisa, kwenye mji ulio karibu na mstari wa ikweta.

Nilivyoelezwa, na baadaye nikasoma kwa raha zangu, ni hivi. Vitamini D si kama vitamini nyingi ambazo lazima zije na chakula. Ngozi inaitengeneza yenyewe ikipigwa na miale fulani ya jua, kisha ini linaigeuza, kisha figo zinaigeuza tena, ndipo inafanya kazi. Na kazi yake kubwa ni kuufungulia mlango utumbo ili ufyonze kalsiamu. Mlango ukiwa umefungwa, unaweza kunywa maziwa ya ng'ombe mzima, mengi yatapita njia yake. Damu nayo haikubali kukosa kalsiamu, maana moyo na misuli vinaitegemea, basi inakwenda kukopa kwenye mifupa. Deni halilipwi. Mifupa ya mtu mzima inalainika na kuuma, misuli inalegea, hasa ya mapaja na nyonga, ile ya kupandia ngazi na kuinukia sujudu. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, miguu inapinda. Ndiyo matege.

Wazungu waliligundua jambo hili kwa shida yao wenyewe. Miji yao ilijaa moshi wa viwanda, na watoto wa vichochoroni walikuwa na matege kwa wingi. Mwaka 1919 daktari mmoja wa Berlin, Kurt Huldschinsky, aliwaweka watoto hao chini ya taa yenye miale kama ya jua na mifupa ikapona. Nilipoisoma habari hiyo nilitazama kuta zetu. Wao walizibiwa jua na moshi, sisi tumejizibia kwa mawe ya matumbawe.

Miale inayotakiwa haipiti kwenye kioo. Basi anayeketi nyuma ya dirisha la kioo akihisi joto anajidanganya. Kivulini pia haitoshi. Na ngozi nyeusi ina rangi ya kuikinga dhidi ya jua, neema kubwa, lakini kinga hiyo hiyo inaifanya ichukue muda mrefu zaidi kutengeneza kiasi kile kile ambacho ngozi nyeupe inakipata haraka. Mgeni anayejianika ufukweni Shela kwa dakika chache si kipimo chako.

Hapa nataka kusema jambo ambalo limewaudhi baadhi ya mama zangu. Tumelelewa kuamini jua zuri ni la asubuhi, lile la saa moja na saa mbili, na mtoto mchanga hutolewa nje wakati huo. Ni jua tamu, sikatai, lakini kwa vitamini D ni karibu na bure. Likiwa chini vile, miale ile inapita kwenye hewa nyingi na kupotea njiani. Kipimo chepesi ni kivuli chako: kikiwa kirefu kukushinda, bado. Kikiwa kifupi kuliko kimo chako, ndipo. Kwetu hapa ni kuanzia saa nne hivi hadi kukaribia saa tisa. Ni saa zile zile ambazo kila mwenye akili amekimbilia ndani, najua.

Sikuvua buibui mbele za watu, na sikuambiwa nivue. Nimelisema kwa sababu swali la kwanza ninaloulizwa na wanawake ni hilo, na wengine hawamalizi kusikiliza kwa kuliogopa. Tuna dari za juu, ule uwanja wazi ulio juu kabisa ya nyumba. Bibi zetu walianika nguo huko, wakachanana nywele huko, wakaongea na majirani kutoka dari hadi dari. Nafikiri walilipata jua lao bila kulijua jina lake. Sisi tumeziezeka makuti tukaweka tangi la maji. Na pale zilipobaki wazi, nyumba za wageni zimepanda ghorofa juu ya ghorofa, kila dari sasa ina macho. Mimi nilifunga kamba tatu, nikatundika leso pande zote, nikapata kijichumba kisicho na paa. Napanda na gauni la mikono mifupi, natoa mikono na miguu, nakaa kama nusu saa, siku nne za juma. Ngozi ikianza kuchoma nashuka. Kuungua si dawa, na kukaa mchana kutwa hakuongezi kitu, kwa kuwa ngozi ikishatengeneza ya kutosha inaivunja iliyozidi. Ndugu zetu wenye ualbino wasiniige hata kidogo. Wao wajikinge na jua na waipate vitamini hii kwa vidonge au matone kutoka kwa daktari.

Kwa hali yangu, jua peke yake lisingetosha kwa haraka. Niliandikiwa kidonge cha yuniti 50,000, kimoja kwa juma, kwa majuma manane, kisha dozi ndogo ya kila siku. Nilimeza baada ya chakula chenye mafuta, yaani wali wa nazi, maana vitamini hii hufuata mafuta. Juma la sita nilipanda vidato 19 nikakumbuka nikiwa juu kwamba sikuhesabu. Mifupa ilichelewa zaidi, ilichukua miezi. Kiti cha kusalia nimemrudishia mwenyewe.

Sasa nisikilizeni vizuri kuhusu hivyo vidonge. Jirani yangu aliona nimepona, akaenda duka la dawa akanunua vile vile bila kupimwa, na muuzaji akamwambia ameze kimoja kila siku. Kila siku! Alimeza karibu miezi miwili. Akaanza kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara, kutapika, choo kigumu, mwisho akawa anachanganya maneno. Hospitali walikuta kalsiamu imejaa kwenye damu, akalazwa kwa dripu. Jua halikuzidishii vitamini D, lakini kidonge kinazidisha. Mtu mzima wa kawaida mahitaji yake ni yuniti 600 kwa siku, aliyepita miaka 70 ni 800, na bila daktari mtu asivuke 4,000. Sasa piga hesabu ya 50,000 kila siku.

Chakula husaidia kidogo, si sana. Samaki wenye mafuta ndio bora: jodari, vibua, dagaa. Kiini cha yai kina kidogo, na maini pia. Tatizo letu ni kwamba kitoweo tunachokisifia ni changu na tafi, na vibua tunawaona wa mtu asiye na pesa. Mimi nimeacha hayo maringo.

Walio hatarini kuliko mimi ni watoto wanaonyonya. Maziwa ya mama yana kila kheri lakini vitamini D yake ni chache, na mama mwenyewe akiwa amepungukiwa basi hana cha kumpa. Mtoto wa mpwa wangu alichelewa kutembea, na alipotembea, magoti yalikwenda nje kama upinde. Wakubwa wakasema atanyooka akikua. Miguu ya watoto wengi wadogo huwa imepinda kidogo na hunyooka kweli, lakini huyu alikuwa na uvimbe kwenye vifundo vya mikono pia na meno hayatoki. Nilimshika mama yake mkono tukaenda. Ilikuwa matege. Anatibiwa, na miguu inarudi. Mtoto mchanga anatakiwa apate yuniti 400 kwa siku, kwa matone, na kliniki unaweza kuyaulizia bila aibu. Wengine wa kuangaliwa ni wajawazito, wazee wasiotoka, wenye maradhi ya figo au ini, na wanaomeza baadhi ya dawa za kifafa au dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini, kwa sababu dawa hizo huimaliza vitamini hii mwilini.

Tangu nipone nimekuwa kama mganga wa mtaa. Mtu akiumwa kichwa anaulizwa, "Umepima vitamini D?" Mimi mwenyewe nilianza hivyo, na imenibidi nijizuie. Si kila uchovu ni jua. Unaweza kuwa upungufu wa damu, kisukari, au usingizi mchache tu. Huko Marekani watu zaidi ya 25,000 waligawanywa, nusu wakapewa yuniti 2,000 kila siku na nusu vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2018, na vidonge havikupunguza saratani wala maradhi ya moyo. Aliyepungukiwa ananufaika, aliyeshiba hana anachoongezewa. Kwa hiyo nikikuambia upime, namaanisha wewe unayesikia maumivu ya mfupa, unayeshindwa kuinuka, na ambaye ukiihesabu siku yako kama nilivyoihesabu yangu huoni jua mahali.

Kijichumba changu cha leso kiliniletea maneno. Jirani wa upande wa pili, mzee wa kike mwenye jicho kali, alivumilia miezi mitatu kisha akanisimamisha mlangoni. "Mwanangu, hizo leso zako tatu zina nini? Kila siku unazifua wewe?" Nikamweleza yote, kuanzia vidato mpaka kipimo. Akanitazama magoti, akajishika yake. Kesho yake saa nne na nusu nikasikia mtu anapanda ngazi zetu polepole, anahesabu kwa sauti.